"Kaka, Mkalimani Ameenda Wapi?" Namna ya Kutengeneza Kidirisha cha Video Unachoweza Kukitumia Tena na Tena

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Mwaka jana nilipewa kazi ya kuhariri mihadhara ya video ya kozi ya takwimu. Mpangilio ulikuwa wa kawaida tu: slaidi zinajaza skrini, na kwenye kona ya chini kulia anakaa mkalimani wa lugha ya alama, kwa sababu darasani tulikuwa na wanafunzi viziwi. Nilitengeneza kidirisha ambacho, kwa macho yangu, kilipendeza kweli. Kinaingia kutoka kulia, kinatulia kwenye kona, na mwisho wa klipu kinatoka taratibu. Nikakinakili kwenye klipu zote, nikapandisha video, nikaenda kulala.

Asubuhi nikakuta ujumbe kwenye simu kutoka kwa mmoja wa wale wanafunzi: "Kaka, dakika ya 14 mkalimani ameenda wapi?"

Nikafungua video. Kweli bwana. Mkalimani anaingia vizuri, anatafsiri kwa sekunde kumi, halafu anateleza zake nje ya skrini huku mhadhiri bado anaongea. Nusu dakika nzima hayupo, tena kwenye sehemu ya kueleza kwa nini sampuli kubwa si lazima iwe sampuli nzuri. Sisi tunaosikia tusingegundua hata kidogo. Kwake yeye mhadhara ulikatika.

Kumbe kosa halikuwa kwenye klipu ile. Lilikuwa kwenye namna nilivyokitengeneza kidirisha tangu mwanzo. Twende taratibu, nikuonyeshe kilichotokea, kisha tutengeneze kidirisha kisichofanya hivyo. Mfano wangu utakuwa programu ya DaVinci Resolve, kwa kuwa toleo lake la bure linatosha kwa kazi hii, lakini hesabu zenyewe ni zilezile popote unapohariri.

Picha ndani ya picha

Unaifahamu hii kitu hata kama hujawahi kuihariri. Ni yule mkalimani kwenye kona ya taarifa ya habari. Ni uso wa mchezaji wa gemu kwenye video za YouTube. Ni uso wako mwenyewe, mdogo, ukiwa kwenye simu ya video na mama nyumbani.

Zamani haikuwa kazi rahisi. Ili upunguze picha ya video inayotembea na kuiweka juu ya nyingine, ni lazima uihifadhi kila fremu kwenye kumbukumbu ya kidijitali, uipunguze, kisha uitoe kwa wakati unaolingana na ile picha kubwa. Kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, mtambo wa kampuni ya Quantel ulitumika kuingiza picha ya karibu ya mwenge ndani ya picha ya sherehe za ufunguzi, na watu wakashangaa. Leo simu yako inafanya hivyo bila hata kupata joto.

Kwa hiyo shida yetu ya sasa si kuweka kidirisha. Shida ni kukiweka mara mia moja, kwenye klipu mia moja zenye urefu tofauti, bila kuharibu hata moja.

Fremu funguo mbili, na kinachotokea katikati

Mwendo kwenye video hutengenezwa kwa fremu funguo, yaani zile alama ndogo unazoweka kuiambia programu: "Fremu ya 0 kidirisha kiwe hapa, fremu ya 15 kiwe pale." Wewe unaweka mbili tu. Zilizobaki kati yake kompyuta inazikokotoa.

Njia rahisi ni mstari ulionyooka. Tuseme *p* ni sehemu ya safari iliyokamilika, kuanzia 0 hadi 1. Basi:

mahali = mwanzo + (mwisho − mwanzo) × p

Ikifika nusu ya muda, kidirisha kiko nusu ya njia. Hesabu ni sahihi, lakini ukiitazama utaona kasoro: kidirisha kinaanza kwa mshtuko na kusimama kwa mshtuko, kama daladala yenye breki mbovu. Vitu vya kawaida duniani haviendi hivyo. Huongeza mwendo polepole, na hupunguza kabla ya kusimama.

Dawa ni kuibadilisha *p* kabla ya kuitumia. Fomula moja inayopendwa ni hii:

p mpya = 3p² − 2p³

Jaribu kwa kikokotoo. Robo ya muda ikipita (p = 0.25), unapata 0.156, yaani kidirisha bado hakijafika hata robo ya njia. Nusu ya muda unapata 0.5. Robo tatu ya muda unapata 0.844. Kimeanza taratibu, kikaharakisha katikati, na sasa kinapunguza mwendo. Wale mliosoma kalkulasi mtaona kwamba kasi yake ni sifuri kamili mwanzoni na mwishoni.

Ile mistari iliyopinda yenye vishikio viwili unayoiona kwenye programu za kuhariri hufanya kazi hiyohiyo. Inaitwa mistari ya Bézier, kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault aliyeitangaza miaka ya 1960 alipokuwa akichora bodi za magari. Mfaransa mwenzake Paul de Casteljau, wa Citroën, alikuwa ameshaifikia mwaka 1959. Kwa hiyo ukilainisha mwendo wa kidirisha chako, unatumia hesabu za watu waliokuwa wakikunja mabati ya magari.

Kosa langu lilikuwa kwenye saa

Video zetu zina fremu 25 kwa sekunde. Kidirisha changu nilikitengeneza kwenye klipu ya sekunde 10, yaani fremu 250. Kikaingia kati ya fremu ya 0 na ya 15, na kutoka kati ya fremu ya 234 na ya 249. Kwenye klipu ile kilikuwa safi kabisa.

Sasa kinakili kwenye klipu ya sekunde 40, ambayo ina fremu 1000. Ile fremu funguo ya kutoka bado inasema 234. Ikifika hapo, kidirisha kinatii amri na kutoka. Sekunde 30 zilizobaki hakuna mtu. Hiyo ndiyo dakika ya 14.

Kinakili tena kwenye klipu ya sekunde 4, fremu 100. Fremu ya 234 haipo kabisa, kwa hiyo kidirisha hakitoki, kinakatwa ghafla.

Utaniambia, "Si unyooshe tu fremu funguo zilingane na urefu wa klipu?" Nililijaribu hilo. Ukinakili sifa za klipu kwenye Resolve, programu yenyewe inakuuliza: ibakize nyakati zilezile au ivute zijae klipu nzima? Ukichagua kuvuta, kila kitu kinavutwa kwa uwiano. Mwingio wa fremu 15 kwenye klipu ya 250 unakuwa fremu 60 kwenye klipu ya 1000, yaani sekunde 2.4 za kidirisha kinachojikokota kama kobe huku mhadhiri ameshaanza kuongea. Kwenye klipu ya fremu 100 unakuwa fremu 6 tu, ukipepesa jicho umeukosa.

Tunachotaka ni kitu cha tatu: mwingio uwe fremu 15 kila mara, mtoko uwe fremu 15 kila mara, na katikati ndiyo ivutike kama mpira wa manati. Ili tukipate lazima tuache kuhesabu mtoko kutoka mwanzo wa klipu. Tuuhesabu kutoka mwisho.

Klipu ikiwa na fremu *D*, na sasa tuko fremu *t*:

kuingia = t ÷ 15
kutoka = (D − 1 − t) ÷ 15

Zote mbili zisizidi 1. Kisha *p* yetu ni ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Mwanzoni *kuingia* ndiyo ndogo, kwa hiyo kidirisha kinaingia. Katikati zote zimefika 1, kidirisha kimetulia. Mwishoni *kutoka* inaanza kushuka na kidirisha kinaondoka. Weka D = 100, weka D = 1000, jibu linakuja sahihi bila kugusa chochote.

Umeona tulichofanya? Tumeifuta namba 234 na badala yake tumeandika uhusiano: "fremu 15 kabla ya mwisho, popote mwisho ulipo." Kidirisha kinachotumika tena na tena kinajengwa hivyo. Kila mahali ulipoandika namba iliyotoka kwenye klipu moja, tafuta ilitokana na nini, uandike hicho.

Mahali: acha kuhesabu pikseli

Kanuni hiyohiyo inahusu mahali pa kukiweka. Ukisema "kidirisha kikae pikseli 1469 kutoka kushoto," umekifunga kwenye video ya 1920 kwa 1080. Siku ukipewa video ya ukubwa mwingine, kidirisha kitakaa pasipo pake.

Upande wa Fusion ndani ya Resolve unatumia sehemu badala ya pikseli. Kona ya chini kushoto ni (0, 0), ya juu kulia ni (1, 1), na katikati ni (0.5, 0.5). Tuseme kidirisha chetu kina ukubwa wa 0.41 wa skrini, na tunataka nafasi ya 0.03 ya upana wa skrini kati yake na ukingo wa kulia. Kitovu chake kwa upana kitakuwa:

1 − 0.03 − (0.41 ÷ 2) = 0.765

Kwa kimo kuna mtego. Ukiweka 0.03 tena chini, nafasi ya chini itaonekana nyembamba kuliko ya kulia, kwa sababu 0.03 ya 1920 ni karibu pikseli 58 ilhali 0.03 ya 1080 ni pikseli 32 tu. Ili zilingane machoni, zidisha kwa uwiano wa skrini: 0.03 × 16 ÷ 9 = 0.053. Kitovu kwa kimo kinakuwa 0.053 + 0.205 = 0.258.

Ukipendelea kuandika amri badala ya kubofya, FFmpeg ina wazo hilohilo. Ndani ya kichujio chake cha overlay unaweza kuandika W-w-58 kwa mahali: upana wa video kubwa, toa upana wa kidirisha, toa nafasi ya ukingoni. Herufi zinakaa mahali pa namba, na programu inajaza yenyewe.

Kwa nini 0.41?

Hapa ndipo wengi tunapokosea bila kujua, na mimi nilikuwa mmojawapo. Kidirisha changu cha kwanza kilikuwa cha asilimia 25. Nikajiambia, robo ya skrini inatosha kabisa.

Si robo. Ukubwa wa 0.25 unapunguza upana hadi robo na kimo hadi robo, kwa hiyo eneo ni 0.25 × 0.25, yaani moja ya kumi na sita. Kwenye simu, vidole vya mkalimani vinabaki kama njiti za kiberiti. Na lugha ya alama haisomwi kwa mikono peke yake. Uso, midomo na mkao wa mabega vyote ni sehemu ya sarufi yake.

Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, ina mwongozo kwa vituo vya televisheni: mkalimani aliyewekwa juu ya kipindi kwa kawaida akae kulia, na asipewe chini ya moja ya sita ya picha. Moja ya sita ya eneo ni ukubwa gani basi? Chukua kipeuo cha pili cha 1 ÷ 6, unapata 0.408. Tukipandisha kidogo, 0.41. Namba yetu imetoka hapo.

Kidirisha cha 0.41 ni kikubwa, sikatai, na kitafunika vitu. Mambo mawili yanasaidia. La kwanza, kama mkalimani amerekodiwa na ukuta mtupu kulia na kushoto kwake, kata pembeni. Yeye anabaki na ukubwa uleule, ila kidirisha kinachukua nafasi ndogo. Usikate juu ya kichwa wala chini hadi kiunoni, na acha upana wa kutosha kwa mikono iliyonyooshwa. La pili, waombe wahadhiri waiache ile kona wazi tangu kwenye slaidi. Hili la pili halihitaji programu yoyote.

Kukijenga kwenye Resolve

Weka slaidi kwenye njia ya kwanza ya video na mkalimani kwenye ya pili. Chagua klipu ya mkalimani, ingia ukurasa wa Fusion. Utaona nodi mbili zimeunganishwa, MediaIn na MediaOut. Kati yake weka nodi mbili za Transform.

Ya kwanza ni ya *makazi*. Size iwe 0.41, Center iwe 0.765 na 0.258. Usiiwekee fremu funguo yoyote.

Ya pili ni ya *mwendo* peke yake. Center yake kwa upana ianze 1.0 kwenye fremu ya 0, ifike 0.5 kwenye fremu ya 15, ibaki hapo hadi fremu ya 234, irudi 1.0 kwenye fremu ya 249. Kwa nini 1.0? Kwa sababu inasukuma kila kitu kulia kwa nusu skrini, na ukingo wa kushoto wa kidirisha uko 0.56, kwa hiyo unahamia 1.06, nje kabisa. Lainisha mistari kwenye dirisha la Spline.

Nimetenganisha makazi na mwendo makusudi. Ukitaka kukiongeza ukubwa kesho, unagusa nodi ya kwanza na mwendo hauharibiki. Ukitaka kikae na kutokea kushoto, unabadilisha makazi, na kwenye mwendo unaandika 0.0 badala ya 1.0.

Sasa ile hesabu ya saa. Fusion ina kirekebishi kinachoitwa Keyframe Stretcher. Kiweke kwenye ile Center yenye mwendo. Kiambie chanzo ni fremu 0 hadi 249, na sehemu inayoruhusiwa kuvutika ni 15 hadi 234. Kuanzia hapo mwanzo na mwisho havitaguswa, klipu iwe fupi au ndefu.

Mwisho, chagua zile Transform mbili, bofya kulia, nenda Macro kisha Create Macro. Litatokea orodha ndefu ya vipimo. Usitie tiki vyote. Tia vile ambavyo mwenzako atahitaji kweli: Size na Center ya makazi. Hifadhi faili kwenye folda ya Templates ya Fusion, ndani ya Edit, ndani ya Effects. Funga Resolve na uifungue tena. Kidirisha chako kitakuwa kwenye orodha ya vionjo pale ukurasa wa Edit, na utakiburuta tu juu ya klipu. Faili lenyewe ni dogo, unaweza kumtumia mwenzako kwa WhatsApp.

Kipime kabla ya kukiamini

Mimi sikupima, na aliyepima ni mwanafunzi. Usinifuate. Kiburute kwenye klipu ya sekunde 2, ya sekunde 10 na ya dakika nzima. Tazama *mwisho* wa kila moja, si mwanzo, maana mwanzo huwa daima mzuri. Kisha kijaribu kwenye video iliyosimama ya simu, uone kama nafasi za ukingoni bado zinakubalika.

Angalia mambo mawili zaidi. Klipu fupi kuliko fremu 30 haitoshi kuingia na kutoka, kwa hiyo usiitumie mwendo kabisa. Na kama mhadhara umekatwa vipande vingi vinavyofuatana, ukiweka kidirisha kwenye kila kipande mkalimani ataingia na kutoka kila mara, na macho ya mtazamaji yatachoka kumkimbiza. Unganisha vile vipande kwanza kuwa Compound Clip moja, halafu weka kidirisha mara moja.

Nilirudia video zote za kozi ile. Zilinichukua jioni moja, ilhali mara ya kwanza zilinichukua wiki mbili. Nikamwandikia yule mwanafunzi atazame tena dakika ya 14.

Akajibu: "Sasa namwona mpaka mwisho. Ahsante kaka. Ila mwambie mhadhiri apunguze maneno kwenye slaidi."

Nimemwambia. Tunasubiri.